Sufuria Isiyo na Kifuniko

Ukifika Nyakasanza, mtaa wa Bunia, ukauliza garaji ya Josaphat iko wapi, watakuonyesha. Lakini watacheka kwanza, kisha mmoja wao atakuuliza kama umeshaiona ile sufuria. Usijibu. Ukijibu tu, umekwisha. Utasimamishwa hapo juani usimuliwe habari ambayo Josaphat mwenyewe angetoa mbuzi isisimuliwe. Basi afadhali uisikie hapa, kwa utaratibu, maana wengine wanaiharibu.

Josaphat ni fundi wa magari, na si fundi wa kubahatisha. Motere ya dizeli akiisikia inapita barabarani anakuambia inaumwa wapi kabla haijafika kwenye kona. Ubaya wake ni mmoja: anapenda gari lipande mlima likiimba. Gari linalopanda likijikokota linamuuma moyoni, hata kama si lake. Na lake analo, pikapu ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya barabara. Iliingia kutoka Uganda ikiwa na usukani kulia, yeye mwenyewe akauhamishia kushoto. Akafungua skrubu ya pompi, pampu ya mafuta, ili dizeli iingie nyingi zaidi, akaikaza turbo isukume hewa kwa nguvu zaidi, na siku ya kwanza alipoipandisha mlima na magunia ya muhogo nyuma, alilia. Machozi kabisa!

"Mama Charlotte, sikia!" alimwambia mkewe, Espérance. "Sikia vile inaimba!"

Espérance alisikiliza, akauliza kama ikiimba hivyo inakula mafuta kidogo. Haikula kidogo.

Sasa, motere iliyokazwa namna hiyo ina ugonjwa wake. Ukiipa dizeli nyingi na mlima mrefu, moshi unaotoka ndani unakuwa moto kupita kiasi, na moto ule unaanza kula pistoni. Na usidanganywe na sindano ya joto la maji iliyo mbele ya dereva. Ile inakaa katikati imetulia kama mtu aliyeshiba, na huku ndani pistoni zinayeyuka. Josaphat aliyajua hayo yote. Ila alikuwa na dawa yake mwenyewe, nayo ilikuwa pua.

"Miye sina lazima ya machine," alikuwa akijisifu. "Moshi ikianza kunuka sawa mahindi ya kuchoma, natoa muguu. Kwisha!"

Mwaka jana alikuwa anatoka Marabo na mzigo, nyuma yake Emery na gari lake. Huyu Emery ana garaji ng'ambo ya barabara, tena ana mdomo, na wawili hawa hawajawahi kupanda mlima mmoja kwa amani. Katikati ya mlima, pua ya Josaphat ikasikia harufu ya mahindi ya kuchoma. Akatazama kando ya barabara, na kweli, alikuwepo mama mmoja amekaa na mbabula wake, jiko la makaa, anachoma mahindi. Aa, ni huyu mama tu, Josaphat akajiambia, akakandamiza mguu zaidi. Hakufika juu. Motere ilipiga kishindo kimoja, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Alivutwa kwa kamba hadi Bunia, na aliyemvuta ni Emery, akipiga honi kila penye watu.

Pistoni zilipotolewa zilikuwa hazitazamiki, nyingine zimetoboka katikati. Josaphat alizitia katika gunia, akalificha nyuma ya choo. Espérance akaliona. Hakupiga kelele, na huo ndio ubaya wa yule mwanamke, hapigi kelele. Alijitwika gunia hadi sokoni, kwa wale mafundi wanaoyeyusha alumini ya vyuma chakavu na kuimimina katika mchanga, akarudi jioni na sufuria. Sufuria nzuri, nzito, yenye masikio mawili. Akapika maharagwe, akampakulia mumewe, akaketi mbele yake.

"Kula, Papa Charlotte. Hizi njo pistoni zako."

Josaphat akatafuna. Kisha akauliza, "Na kifuniko iko wapi?"

"Alumini haikutosha. Lakini haizuru, nitangojea. Siku motere itakufa tena, nitapata kifuniko. Na gari yote nitaipeleka kule kule, baikate, bayeyushe. Weye utaenda kutumika kwa Emery."

Usiseme alikuwa anatania. Espérance akisema jambo, amelisema. Tangu siku ile sufuria inafunikwa kwa sahani, kila mgeni anayekula pale anauliza kwa nini sahani, na kila mgeni anajibiwa kirefu huku mwenye nyumba akitazama chini. Josaphat angevumilia kucheka kwa watu. Kulikosa gari ndiko ambako hangevumilia. Gari lile ndilo lililomfanya awe Josaphat, si fundi mwingine tu mwenye mikono michafu. Na kwenda kuomba kazi kwa Emery! Afadhali afuge kuku.

Basi akatafuta motere nyingine ya mtumba, akaifunga, akaapa kuachana na pua. Mdogo wake Orly, anayefanya biashara Kampala, akamtumia kifaa cha kupima joto la moshi: kadrani ndogo ya duara yenye sindano na namba, waya, na kijiti cha chuma cha kuchomekwa kwenye bomba pale moshi unapotoka motere, kabla haujaingia turbo. Mtaa ukakiita Docteur. Josaphat alilifungua bomba lile, akalitoboa likiwa mezani ili unga wa chuma usiingie turbo, akakichomeka kile kijiti kwa mkono mwepesi kuliko wa muuguzi. Kazi safi. Hakuna wa kumlaumu hadi hapo.

Ikabaki kadrani. Sasa kumbuka kwamba usukani ulihama. Upande wa kulia, mahali pa dereva wa zamani, dashibodi ilibaki na shimo lililokuwa na vipimo vya kwanza. Shimo lile lilikaa tupu kwa miaka, Espérance akiweka humo karanga za safari. Josaphat akaijaribisha kadrani mle. Ikaingia barabara! Akaikaza, akachukua vernis, rangi ya kucha ya mkewe, akapiga mstari mwekundu penye sept cents, mia saba, kiwango ambacho sindano isingepaswa kukipita, akawaita majirani. Majirani wakaja, wakasifu. Espérance naye akaja, akaketi upande wa abiria, akaitazama sana.

"Nzuri," alisema. "Na weye, ukiwa unaendesha, utaiona aje?"

Josaphat akazunguka, akakaa penye usukani. Akainama, akanyoosha shingo, akalaza kichwa begani. Shimo lilikuwa limezama ndani na kumtazama abiria peke yake. Dereva aliona ukingo wa plastiki, basi. Na kuihamisha haikuwezekana, kwa sababu waya ulikuwa mfupi, tena si waya wa kuunga kwa shaba ya kuokota. Ukiunga ovyo, kadrani inaanza kusema uongo. Nje ya gari mtu akacheka kwa sauti. Alikuwa Emery, aliyekuja kuona na yeye.

"Haina shida," Josaphat akasema, akijikung'uta. "Hii machine inaomba batu babili. Mumoja anaendesha, mumoja anasoma. Sawa avion."

Wa kusoma akawa Espérance. Juma lile walikipanda kilima cha kwanza nje ya mji mpaka watoto wa pale wakazoea. Josaphat anazungusha skrubu kidogo, wanapanda. Anashuka, anaifungua boneti, anairudisha skrubu kidogo, wanapanda tena.

"Iko wapi?"

"Inapanda."

"Imefika wapi?"

"Inapanda, nimesema! Sasa iko karibu na nyekundu. Na sabuni ku nyumba iliisha tangu juzi."

"Mama Charlotte, soma sindano!"

"Si ninaisoma? Toa muguu. Voilà, inashuka. Unaona vile inashuka? Muguu yako njo mugonjwa, hapana motere."

Ukweli unauma. Skrubu ilipata mahali pake, na Josaphat akajifunza kwamba ukishusha vitesse, yaani gia, mapema na kuulegeza mguu, sindano haifiki penye nyekundu hata na mzigo. Gari likapona. Mguu ulibaki vile vile.

Ndipo ikaja Jumapili ya komunyo ya kwanza ya binti yao Charlotte. Bibi yake, mama mzazi wa Espérance, ilikuwa lazima awepo, na bibi huyo anakaa Marabo. Jina lake ni Emerance, ingawa Josaphat hajawahi kulitamka. Ukoo wao ni watu wa ng'ombe, na kwao mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawatajani majina. Si ugomvi! Ni heshima, tena heshima kubwa, na maneno yao yanapita kwa mtu wa tatu. Kwa miaka yote ya ndoa, Josaphat alimjua mama mkwe wake kwa kikwembe, maana mama yule akimwona tu anajifunika kichwa hadi kidevuni, na Josaphat anageukia ukuta. Walipendana sana, kila mmoja na ukuta wake.

Siku ya Jumamosi wakaenda kumchukua. Mpango ulikuwa mzuri: kiti cha mbele cha pikapu kinabeba watatu, kwa hiyo mama angekaa mlangoni, Josaphat penye usukani, na Espérance katikati, awe ukuta, awe mpitisha maneno, na awe msomaji wa sindano. Lakini walipofika Marabo walikuta zawadi ya Charlotte imefungwa mlangoni. Ndama jike, mwenye doa jeupe usoni, mkali kama pilipili. Walipompandisha nyuma pamoja na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, akaanza kurusha mateke na kutafuta njia ya kurudi kwa mama yake.

"Huyu atavunjika muguu," Espérance akasema. Alikulia katikati ya ng'ombe, akamshika ndama shingoni, naye akatulia. "Nitabakia naye huku nyuma."

Josaphat akaugeukia mti wa mparachichi uliokuwa karibu, maana mama mkwe alikuwa amesimama pale pale. "Na sindano, nani atasoma?"

"Mama atasoma. Iko na macho."

"Na atanisemesha aje?"

"Ataniambia miye ku kadirisha ya nyuma, miye nitakuambia weye."

Josaphat akafikiri, akauambia mparachichi, "Umwambie mama, sindano ikigusa nyekundu aseme."

"Mama, banasema sindano ikigusa nyekundu useme."

"Umwambie nimesikia," mama mkwe akasema ndani ya kikwembe.

"Amesikia."

Wakaondoka. Mama mkwe alikuwa amekipanga kikwembe kwa akili: upande wa dereva kimeshuka kama pazia, upande wa kulia ameacha nafasi ya jicho, na jicho liko kwenye kadrani. Kati yao aliweka kibuyu cha maziwa, ili pasiwe patupu.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Yalikwenda vibaya, lakini yalikwenda.

"Espe, inapanda," mama alisema akiegemea kwenye kadirisha.

"Banasema aje, mama?" Upepo ulikuwa mwingi.

"Inapanda!"

"Papa Charlotte! Inapanda!"

Habari ilipomfikia Josaphat, kilima kilikuwa kimekwisha na wanateremka. Akaondoa mguu kwenye mteremko. Kisha ikaja habari kwamba inashuka, akakanyaga wakati kilima cha pili kinaanza. Kila agizo lilikuwa la kweli na kila agizo lilichelewa, na mzee mmoja wa baiskeli aliwapita mara mbili.

Halafu ukaja mlima wenyewe, ule ule wa mwaka jana. Josaphat alikuwa ameshaushika kwa adabu, mguu umelegea, vitesse imeshuka, aliposikia honi nyuma. Akatazama kwenye kioo. Boneti ya bluu, taa zinawaka na kuzimika, na juu ya mzigo wa mbao kutoka Komanda bendera ndogo inapepea. Nani mwingine anaweka bendera kwenye mbao? Emery alisogea mpaka madirisha yakalingana, akatoa kichwa.

"Josaphat! Kamba iko, weh! Nikuvute sasa, ao tungojee kwanza ikufe?"

Kamba! Mbele ya mama mkwe! Damu ilimpanda Josaphat mpaka masikioni, na mguu ukashuka wenyewe. Turbo ikapiga mluzi, gari likaruka mbele, likaimba kama zamani. Emery naye akakandamiza. Honi ilimshtua ndama, akainua miguu ya mbele kutaka kuruka nje, na Espérance akamkumbatia shingo kwa mikono yote, akipiga kelele za kumtuliza. Alikuwa hasikii tena lolote la duniani.

"Espe," mama mkwe akasema. "Imefika ku nyekundu."

Akagonga kadirisha.

"Espe! Eh, Espe!"

Ndama tu ndiye aliyejibu. Mama mkwe akakaa sawa. Kikwembe kilitikisika kidogo. Mtu wa tatu hayupo, sindano inapanda, na mkwe hasemeshwi. Kisha akaikutanisha mikono yake juu ya magoti.

"Ee Bwana Yesu," akaanza. Josaphat alidhani ameogopa mwendo. "Weye unaonaka bintu byote. Unaona na hii sindano. Imefika ku nyekundu, Bwana. Miye siwezi kusemesha mutu, lakini Weye ninakusemesha."

Josaphat akaelewa. Naye ni Mkristo, akajibu Kikristo, macho barabarani.

"Bwana, asante. Umwambie mama ni kidogo tu, tunafika juu sasa hivi."

"Bwana, juu iko mbali. Ninaiona hata na kikwembe."

"Bwana, umwambie huyu mutu iko pembeni yetu ni Emery."

"Bwana, Emery ninamujua tangu alikuwa anaiba maembe yangu. Sindano imepita nyekundu."

"Bwana, kidogo tu!"

"Bwana, hii kidogo njo ile ya mwaka jana. Na mutoto yangu iko na safuria anangojea kifuniko."

Wakati huo huo pua ya Josaphat ikasikia harufu ya mahindi ya kuchoma. Akatazama kando ya barabara kumtafuta yule mama. Hapakuwa na mama. Hapakuwa na mbabula, wala hindi hata moja. Nyasi tu, mpaka huko juu. Alijua kabisa kinachotokea chini ya boneti, aliiona sufuria, akamwona Espérance akirudi kutoka sokoni na kifuniko kichwani. Akauamuru mguu utoke. Mguu haukutoka! Boneti ya bluu ilikuwa penye mlango wake, na mguu ulikuwa na mambo yake na ile boneti.

Ndipo kikwembe kikaanguka.

"Josaphat! Toa muguu!"

Mguu ukatoka. Haukungoja kuambiwa na mwenyewe. Ulitoka kama mkono wa mtoto uliokutwa kwenye sukari. Josaphat akashusha vitesse, motere ikatoa pumzi ndefu, na Emery akapita akicheka, bendera yake ikapepea mpaka ikapotea kwenye vumbi.

Josaphat akageuka. Hakukusudia, ni mshtuko, lakini aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akamwona mama mkwe wake usoni. Ulikuwa uso wa Espérance uliotangulia kuzeeka, na macho yamejaa maji. Mama yule alikuwa anaogopa, na haikuwa kwa ajili ya gari wala mlima. Alikuwa anamwogopea yeye, mwanamume mzima mwenye garaji. Josaphat alijisikia vibaya kuliko siku ile ya kamba. Wakatazamana kwa muda wa kutosha kuvunja kila kitu, kisha kila mmoja akageukia dirisha lake.

Mama mkwe akakiokota kikwembe, akajifunika.

"Bwana," akasema polepole, "inashuka."

"Asante, Bwana," Josaphat akajibu.

Walipofika juu alisimama bila kuizima motere, akaiacha ingurume taratibu turbo ipoe. Kichwa cha Espérance kikatokea kwenye kadirisha, nywele zimejaa makaa.

"Kuko nini? Nimesikia mutu anaita Josaphat!"

Josaphat akakaza macho barabarani, mama mkwe akarekebisha kikwembe.

"Mama?"

"Uliza Bwana," mama mkwe akasema.

Bunia yote ilikuwa na habari kabla yao. Emery alikuwa amekaa mbele ya garaji yake akieleza kwamba gari la Josaphat sasa linapanda mlima kama linabeba maiti. Josaphat akasalimia, akapita. Habari ya ndani ya gari ndiyo iliyokuwa inamla.

Maana jambo kama lile haliachwi lilale. Jumapili, Charlotte alipokwisha kupokea komunyo na watu wamekula, mjomba Augustin, kaka yake mama mkwe, akaomba kimya. Mama ametaja jina la mkwe. Mkwe amemtazama mama. Nani alipe? Wakabishana sana. Shangazi Françoise alisema kosa ni la sindano. Mwingine akasema kosa ni la Emery, naye Emery, aliyekuja kula bila kualikwa, akasema yeye alikuwa anapita tu. Mjomba Augustin akataka kuona mwenyewe. Mkutano wote ukatoka, ukalizunguka gari. Mjomba akaketi upande wa abiria, akaisoma kadrani, akahamia penye usukani, akanyoosha shingo. Akashuka.

"Machine iko muzuri," alisema. "Lakini nani aliiweka mahali dereva haoni? Kama mukwe angekuwa anaisoma yeye mwenyewe, mama angenyamaza. Donc, ni mukwe njo atalipa. Kile mama ataomba, atatoa. Ikuwe nini, atatoa."

Ikuwe nini! Josaphat alimwona Espérance akilitazama gari. Akawaona wote wakilitazama. Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, na neno la mama mkwe halirudishwi. Akisema gari liuzwe, litauzwa. Akisema liende sokoni kuyeyushwa, litakwenda, na nani angemlaumu? Amemwokoa mkwe wake kutoka kwenye mguu wake mwenyewe. Josaphat akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Mjomba Augustin akaingia ndani. Akakaa. Akatoka akijifuta midomo, maana huko ndani kulikuwa bado na nyama.

"Mama anasema hataki mbuzi. Hataki kuku. Na hii gari..." Mjomba anapenda kukatiza maneno mahali pabaya. Akakohoa. "Hii gari ibakie. Yeye anataka safuria."

"Safuria gani?" Espérance akasimama.

"Ile ya pistoni."

"Hapana! Ile iko yangu! Niliibeba alumini ku kichwa yangu!"

"Mama anasema," mjomba akaendelea, "mutu alishatoa muguu, asikule tena mu ile safuria."

Josaphat alitaka kucheka. Alifungua mdomo acheke, yakamtoka machozi, mbele ya ukoo mzima na mbele ya Emery. Hakuyafuta. Espérance akamtazama mumewe, akaingia ndani, akauhamisha wali uliobaki, akaipeleka sufuria nyuma ya nyumba. Aliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa.

Jumatatu wakamrudisha mama Marabo. Ndama alibaki Nyakasanza, kwa hiyo safari hii Espérance alikaa katikati, mtu wa tatu kamili, tayari kupitisha maneno. Hakuna aliyemtuma. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kikwembe kimeshuka, jicho kwenye kadrani, sufuria mapajani.

"Bwana," mama mkwe akasema, akiupapasa mdomo wa sufuria, "hii safuria haina kifuniko."

"Ni kweli, Bwana," Josaphat akajibu. "Umwambie mama haina."

"Basi, Bwana, isipate."

Espérance, aliyekuwa bado na uchungu wa sufuria yake, akaendelea kuitazama barabara mbele yake.

"Amina," alisema.

Na Josaphat akashusha vitesse, ingawa mlima ulikuwa haujaanza.